Tairi la Mbele Kushoto

3 Machi

Mwalimu ameamka saa kumi na mbili, kabla jua halijagusa matairi, akapiga magoti mbele ya gurudumu la kwanza kama mtu anayemvisha mtoto viatu. Ana geji tatu za kupima upepo. Ya kwanza ilisema sitini na mbili, ya pili sitini na moja, ya tatu sitini na nne. Akaziandika zote, akatafuta wastani, akaguna, akahamia gurudumu la pili. Magurudumu yako sita. Atakayesoma apige hesabu mwenyewe tulikunywa chai saa ngapi.

Daftari hili nimelitoa kwenye rundo lake la madaftari aliyobaki nayo alipostaafu kufundisha hisabati. Yeye anajaza namba kwenye lake, mimi nitajaza maneno kwenye langu. Miaka thelathini na moja nilikuwa karani wa vifurushi stesheni, na mpaka leo mume wangu ananiita Karani. Nimezoea kuandika kinachoingia na kinachotoka. Hapa hakuna kinachotoka.

5 Machi

Tunaishi ndani ya gari. Nikisema hivyo watu hunitazama kwa huruma, kwa hiyo nieleze. Lilikuwa basi dogo. Mwalimu aling'oa viti vyote isipokuwa viwili vya mbele, akaweka kitanda nyuma, jiko la gesi, sinki, tangi la maji na meza ya kukunja. Limeegeshwa kwenye uwanja wa malori, nyuma ya kibanda cha fundi wa matairi. Watu wa hapa wanaliita Kasri. Wanatucheka, na wana haki yao.

Tulinunua basi hilo baada ya kuuza nyumba, na tuliuza nyumba kwa sababu chumba cha mwanangu kilikuwa na mlango uleule na kitasa kilekile, na mimi kila asubuhi nilikuwa nakishika. Amekufa miaka mitano sasa. Akabaki binti mmoja, mdogo wake, aliyeolewa mbali, mwendo wa siku mbili kwa gari. Ana mtoto wa miaka minne anayeuliza kila siku nyumba ya bibi yenye magurudumu itafika lini.

Ahadi ilikuwa hiyo: tutakwenda na Kasri, tuliegeshe mlangoni kwao, mjukuu alale humo. Ahadi ina miaka mitatu. Kasri limetoka uwanjani mara mbili tu.

Sasa kuna tarehe. Mkwe wetu amepata kazi ng'ambo, mkataba wa miaka saba, wanaondoka wote tarehe ishirini na moja Mei. Mwalimu ana miaka sabini na moja, na daktari wa moyo alipomwambia ajitunze alikuwa anasema na yeye kwa mdomo na mimi kwa macho. Miaka saba hana. Tusipowaona kabla ya tarehe hiyo, basi.

Anajua. Na bado hawezi kuondoka mpaka ajue matairi yajazwe upepo kiasi gani.

9 Machi

Mvua imeanza. Geji zote zimeshuka namba mbili kwa sababu ya baridi. Ameanza upya.

14 Machi

Fundi wa matairi tunamwita Kiraka, jina alilojipa mwenyewe na kulichora ukutani kwa rangi nyekundu. Ni mtu wa maneno mengi na mikono myepesi. Leo uvumilivu ulimwisha.

"Mwalimu, namba si imeandikwa hapo ubavuni mwa tairi? Themanini. Tia themanini, safari njema, tuachie uwanja."

"Hiyo ni mwisho wa uwezo wa tairi," Mwalimu akasema. "Siyo namba yangu. Glasi ikiandikwa nusu lita, ni lazima unywe nusu lita?"

"Mimi nakunywa kwa chupa, mwalimu."

"Namba yangu inatokana na uzito wangu. Ukijaza kupita kiasi tairi linakanyaga kwa tumbo tu, breki hazishiki. Ukijaza pungufu linakanyaga kwa mabega, linajikunja, linapata moto."

"Na uzito wako ni ngapi?"

Mwalimu akainamia geji yake. Hajui. Hajawahi kulipima gari likiwa na vitu vyote na watu wake.

Nilicheka kule dirishani, nikiosha vikombe. Miaka mitatu anapima upepo wa gari ambalo hajui lina uzito gani! Ningekuwa na moyo mzuri ningemhurumia.

15 Machi

Mvua. Amekaa anaandika orodha ya vitu vyetu vyote.

22 Machi

Siku kubwa. Tumekwenda kupima. Ghala la saruji lina mizani ya malori, na mwenye mizani alikubali tuje saa ya chakula. Ni kilomita mbili. Mwalimu aliendesha kwa mwendo wa maiti, jasho linamtoka, na mimi kwenye kiti changu cha kushoto nikitazama barabara nisiseme neno, maana nikisema anasimama.

Alitaka kila kitu kiwe mahali pake: tangi limejaa, mtungi wa gesi umejaa, sufuria kabatini, mimi kitini. Gurudumu moja moja likapanda kwenye bamba na mwenye mizani akasoma. Hapo kazi ya ujana wangu ikanirudia. Nikaona mara moja kwamba upande wa kushoto umezidi, na nikajua sababu: jiko, sinki, sanduku langu na mimi mwenyewe, sote upande mmoja.

"Wewe una kilo ngapi, Karani?" akaniuliza mbele ya watu.

"Sabini na nne, na zote nimezipata kwako."

Mwenye mizani akacheka mpaka akashika ukuta. Mwalimu naye akatabasamu, jambo ambalo sikumbuki nililiona lini. Wakati wa kurudi nilifikiri: labda. Nimeliandika neno hilo nilione kwenye karatasi.

Jioni alikaa na jedwali la watengeneza matairi, uzito huku, upepo kule. Mbele kushoto sitini na moja. Mbele kulia hamsini na tisa. Ya nyuma, ambayo yako mawili mawili, hamsini na tano. Akaandika kwa wino.

23 Machi

Amefuta. Anasema mizani ya saruji huenda ina vumbi.

27 Machi

Mvua. Sitini na tatu.

28 Machi

Mvua. Sitini.

1 Aprili

Amebadilisha vifuniko vya vali zote, anadhani upepo unavuja kidogo kidogo. Hauvuji. Nimemwambia. Kiraka amemwambia. Amepaka mate vali zote kuona kama zitatoa povu.

4 Aprili

Tumegombana. Nitaandika ilivyokuwa, na nitaandika na lililo nyuma yake, maana sijawahi kuliandika popote.

Nilimwambia leo ni tarehe nne, zimebaki wiki sita na siku kadhaa. Akasema anangoja asubuhi tatu mfululizo zenye namba moja. Nikamwambia, "Ungepima hivi siku ile."

Alitoka nje kwenye mvua akasimama kando ya gurudumu la nyuma, mgongo wake ukilowa, na mimi sikumwita.

Siku ile ni hii. Mwanangu alikuwa amepata kazi mji mwingine, akaazima gari letu dogo kuhamisha vitu vyake. Alilijaza mpaka kioo cha nyuma hakionyeshi kitu: godoro, vitabu, meza. Mwalimu aliamka mapema akajaza upepo yeye mwenyewe, akasema kwa sauti ili sote tusikie: "Thelathini na sita, kwa mzigo huu. Isizidi, isipungue." Mimi nilipanda naye kwa sababu dada yangu anakaa njiani, ningeshukia kwake. Saa nane mchana tulisimama kituo cha mafuta. Mimi ni mtu wa kuhakikisha, hiyo ndiyo kazi yangu, nikamwambia mhudumu wa pampu apime matairi. Geji yake ikasema arobaini na mbili. Nikasema, mume wangu ametaka thelathini na sita, basi iwe thelathini na sita. Akapunguza yote manne mbele ya macho yangu. Saa tisa nilishuka kwa dada. Mwanangu alinibusu shavu la kushoto kwa sababu la kulia lilikuwa na vumbi.

Saa kumi na moja tairi la nyuma lilipasuka. Gari lilipinduka mara tatu. Karatasi ya polisi ilisema tairi lilikuwa na upepo mdogo kwa mzigo ule.

Upepo mdogo kwa mzigo ule! Kwa hiyo namba ilikuwa mbaya, na namba ilikuwa ya Mwalimu. Mimi niliifuata kama ilivyotamkwa. Siku ya tatu baada ya mazishi nilimwambia, wewe ndiye uliyejaza. Nimemwambia mara nyingine pia, sikuhesabu. Yale ya kituo cha mafuta sikumsimulia kwa sababu hayakuwa na maana, nilirudisha tu kile alichotaka.

Nimeandika na sijapata nafuu yoyote.

11 Aprili

Binti amepiga simu. "Mama, niambie kweli, mnakuja au hamji?"

"Baba yako anapima."

"Mama, nimeanza kufunga vitu. Nimeuza kitanda cha mtoto. Nimemwambia asihuzunike, atalala kwenye gari la bibi."

Nikamwambia tutakuja. Ulimi wangu ulijua unadanganya.

"Basi panda basi wewe, mama. Wewe peke yako. Baba hawezi kupanda gari la mtu mwingine, najua, lakini wewe unaweza."

Nikamwambia nitafikiri. Nimefikiri. Kumwacha mgonjwa wa moyo na geji zake tatu, wiki nzima, kwenye matope haya?

12 Aprili

Hamsini na nane. Tope limefika ngazi ya mlango.

19 Aprili

Nimekata tiketi. Basi la keshokutwa saa moja asubuhi. Nimemwambia Mwalimu waziwazi, nikitegemea atapandisha sauti. Alisema, "Nenda, Karani. Mmoja wetu akamwone." Kisha akauliza sanduku langu lina kilo ngapi, ili ajue Kasri litapungua uzito kiasi gani nikiwa sipo.

Nilitaka kumpiga na sufuria. Namchukia kwa siku hizi zote alizopiga magoti zikaisha. Sasa nimelisema.

20 Aprili

Sijui nianzie wapi. Ni saa kumi jioni tu.

Leo jua lilitoka, kali, la baada ya mvua. Mchana nilikuwa kwenye kibanda cha Kiraka, nimempelekea ufunguo wa bomba la maji, maana nasafiri. Likaingia lori limesheheni mbao. Dereva akashuka kwa haraka.

"Fundi, nipunguzie upepo. Geji yangu inasoma mia na kumi na tano, na mimi natembelea mia."

"Umeendesha tangu saa ngapi?"

"Tangu alfajiri."

"Basi sipunguzi. Katafute mtu mwingine wa kukuua."

Dereva akaanza kufoka kwamba yeye ndiye mteja. Kiraka akaweka spana chini, akamshika mkono na kumwekea kiganja kwenye tairi. "Umelisikia moto wake? Tairi likipata moto, upepo unapanda wenyewe. Ile mia yako ni ya asubuhi, tairi likiwa limelala. Mchana ikisoma mia na kumi na tano, ndiyo mia ileile. Ukitoa sasa, umelinyima. Litaanza kujikunja na mzigo wote huo, ubavu unajipika, halafu huko mbele linapasuka. Wewe unapinduka na mimi naitwa polisi."

Dereva akanung'unika, akanunua maji ya kunywa, akaondoka.

Mimi nilikuwa bado nimesimama na ufunguo. Nikamuuliza Kiraka, na sauti yangu niliisikia kama ya mtu wa chumba cha pili, "Ni malori tu, au hata gari dogo?"

"Hata toroli, mama, mradi lina tairi."

"Gari dogo lenye mzigo. Asubuhi limejazwa thelathini na sita. Mchana wa jua geji inasema arobaini na mbili."

"Hapo lipo sawasawa kabisa. Aliyelijaza alijua anachofanya. Usiliguse."

"Na mtu akipunguza? Akarudisha thelathini na sita?"

Kiraka alikuwa ameshainama kwenye kazi yake. "Na mzigo? Na jua? Mama, huyo si amelimaliza."

Nikamshukuru. Nilimshukuru! Nikarudi ndani ya Kasri nikakaa kitandani na viatu vya tope.

Alijua anachofanya. Namba ilikuwa nzuri. Mimi nilisimama pale kituoni na mkoba wangu begani, mtu wa kuhakikisha, nikanyoosha kidole tairi moja baada ya jingine. Hili nalo. Na lile. Mwanangu alikuwa ndani ya gari anakula karanga. Alisema, "Mama, si uache tu, baba alishapima." Hilo sikuliandika tarehe nne. Nilikuwa sijalisahau, nililiruka.

Mwalimu yupo nje anafuta vioo ili safari yangu ya kesho aione vizuri mpaka basi lipotee. Nikimwambia leo, atapumzika. Neno moja tu na magoti yake yatapumzika. Miaka mitano amelibeba lisilo lake, na nililiweka mimi kwenye kichwa chake kwa maneno yangu mwenyewe.

Sikumwambia. Nimekaa hapa tangu saa saba.

21 Aprili

Sikupanda basi. Nilisema tumbo linaniuma. Alinichemshia maji ya tangawizi akakaa kando yangu, mkono wake una harufu ya mpira. Ningekwenda kumtazama binti yangu usoni nimwambie nini?

22 Aprili

Sitini na mbili.

23 Aprili

Sitini na mbili.

24 Aprili

Sitini na moja. Alikuwa amebakiza asubuhi moja.

29 Aprili

Nimeanza kuamka naye. Nashika daftari yeye anasoma namba. Leo aliniuliza, "Umebadilika nini, Karani?" Nikasema nimechoka kulala.

Alinionyesha ile geji ya kwanza, yenye kioo kilichopasuka ukingoni. Ndiyo aliyotumia siku ile. Nilidhani aliitupa. Kumbe ameipeleka kwa mafundi watatu tofauti kuipima, na wote walimwambia ni nzima, haina kasoro hata ya nusu. "Lakini haiwezekani," akasema. "Ingekuwa nzima, mtoto angefika. Kwa hiyo kuna kosa ambalo hakuna anayeliona. Na kama halionekani, nitajuaje halipo leo?"

Niliandika sitini na moja kwenye daftari. Kalamu ilitoboa karatasi.

Nilikuwa nikidhani anapima kwa uoga. Kumbe ni mwalimu wa hesabu aliyepata jibu sahihi akawekewa kosa, na anarudia hesabu ileile miaka mitano kutafuta alipokosea.

3 Mei

Mvua usiku na mchana. Sijamwambia.

6 Mei

Sijamwambia.

8 Mei

Daraja la katikati ya njia limefunikwa na maji, magari yamesimamishwa pande zote mbili. Binti amepiga akilia. Mwalimu alichukua simu akamwambia, "Mama'ngu, maji hushuka." Kisha akatoka kwenda kupima matairi ya gari lisiloweza kwenda popote. Nilimtazama dirishani akipiga magoti, na alipotaka kuinuka hakuweza. Alishika bampa akakaa vile, kichwa chini, kifua kinapanda na kushuka, mpaka nikatoka nikamwinua.

11 Mei

Nimemwambia.

Ilikuwa saa tisa alasiri, mvua imekatika. Tulikuwa mezani. Nilianza na kituo cha mafuta nikaenda moja kwa moja mpaka mwisho, hata karanga, hata "baba alishapima". Hakunikatiza. Nilipomaliza aliuliza kwa sauti ya darasani.

"Geji ya kituo ilisema ngapi?"

"Arobaini na mbili."

"Mlikuwa mmeendesha muda gani?"

"Saa nne."

"Jua?"

"Kali."

Akavuta daftari, akaandika mistari michache. Akapiga mstari chini ya jibu kama alivyokuwa akifanya ubaoni. "Inapanda sita," akasema. "Ilikuwa sahihi." Akasema tena, polepole, "Ilikuwa sahihi." Akafunika uso kwa mikono yote miwili na mabega yake yakaanza kutikisika. Mwanamume huyu hakulia kaburini.

Nilitaka kumgusa. Akainua kiganja.

"Nilikuwa sijui," nikasema. "Wallahi nilikuwa sijui kwamba ni kosa."

"Najua hukujua. Kila siku watu wanakosea hivyo, hata madereva." Akafuta macho. "Lakini ulijua kwamba ulipunguza. Kila uliponiambia mimi ndiye niliyejaza, ulijua kuna mkono mwingine uliogusa upepo ule. Hukunitajia. Miaka mitano, Karani. Ningeliona siku hiyohiyo. Ningekwambia kosa liko wapi, na tungelia pamoja."

Nikachukua vikombe nikaenda kuviosha.

12 Mei

Amepima kwa geji moja tu, ile yenye kioo kilichopasuka. Matairi sita kwa dakika ishirini. Hakuandika popote. Kiraka alimkodolea macho. Redio inasema maji yameanza kushuka darajani.

Hajanisemesha, ila amenikaribisha chai.

13 Mei

Daraja limefunguliwa. Mwalimu amesema tu, "Kesho alfajiri." Nikaruka kama msichana. Nimefua, nimefunga sufuria kwa matambara zisigongane, nimekunja ile fulana niliyomfumia mjukuu. Siku nane zimebaki, siku mbili za njia, tutakaa nao siku tano kamili. Niliwaza kwamba barabarani atanisamehe, mbele kule, tukiwa wawili tunatazama upande mmoja.

Adhuhuri nilikuta daftari lake wazi kwenye kiti cha dereva. Ukurasa mpya, wino, safi, hakuna kilichofutwa. Nikasoma kama ninavyosoma hati yoyote.

Mbele kulia hamsini na tisa. Ya nyuma hamsini na nne. Mbele kushoto hamsini na saba.

Nilidhani amekosea, ilikuwa sitini na moja. Chini yake kulikuwa na maelezo kwa maandishi madogo: Kiti cha kushoto, hakuna mtu, toa 74. Sanduku la K., toa 19.

Nimekuwa karani maisha yangu yote. Nikiona kifurushi kimeondolewa kwenye orodha, sihitaji kuuliza.

Nikaingia ndani nikafungua sufuria zangu.

14 Mei

Ameondoka saa kumi na mbili na robo. Alikuwa ameshapanga na Kiraka nipewe chumba cha nyuma ya kibanda, kina kitanda na dirisha. Alibeba sanduku langu mwenyewe mpaka mlangoni.

"Dawa zako?" nikamuuliza.

"Nimezihesabu."

"Utamwambia binti yetu nini?"

"Kama ilivyokuwa, siongezi wala sipunguzi." Alisimama kidogo. "Nimejaribu usiku kuweka kilo zako kwenye hesabu, Karani. Nimejaribu kweli. Siwezi kuendesha ukiwa kando yangu. Nitakuwa natazama mikono yako."

Nikampa fulana ya mjukuu. Akaipokea. Gari liliwaka mara moja, likazunguka uwanja, likapita lango bila kusita, kwa mwendo wa gari la kawaida. Kiraka alikuja na mswaki mdomoni.

"Mama! Kasri limetoka bila wewe?"

"Limetoka na upepo wake sahihi," nikamwambia.

15 Mei

Hakuna mvua. Pale gari lilipokuwa pamebaki mistatili sita mikavu.

16 Mei

Hakuna simu.

17 Mei

Nimepiga mimi. Binti alipokea baada ya kuita mara nyingi.

"Baba alifika juzi jioni, mama. Salama."

"Alhamdulillahi. Moyo wake?"

"Mzima. Amelala vizuri." Kisha akasema, "Ametuambia."

"Mwanangu, nikipanda basi la kesho nitafika kabla—"

"Mama, usipande." Hakupandisha sauti. Alisema kwa upole kama anavyosema na watu wa kazini kwake. "Siyo sasa."

Miaka saba, nilitaka kumwambia. Sasa ya lini hiyo? Nikaomba kitu kidogo zaidi.

"Basi nipe niongee na mjukuu wangu."

"Amelala, mama."

Ilikuwa saa nne asubuhi. Nyuma yake nilimsikia mtoto akikimbia kwenye sakafu tupu, viatu miguuni, akiuliza, "Ni bibi? Ni bibi huyo?"

Nikasema sawa, mwache alale.